Bafu Lenye Milango Miwili

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa najua kila kitu. Sisemi kwa utani. Waliokuwa Sumbawanga wakati ule na bado wananikumbuka watakubali, tena baadhi yao watacheka. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta, pamoja na kitabu cha Java, lugha ya kuandikia programu, nilichokitoa kopi ukurasa kwa ukurasa. Kilikuwa kinene kiasi kwamba pini zilishindwa kukibana, fundi viatu akanishonea kwa uzi wake. Nilitembea nacho kwapani hata nikienda kununua sukari. Mtu akiniita "mtaalamu," nilikuwa naitika kabla hajamaliza neno.

Miaka hiyo ilikuwa ya soko huria. Maghala ya ushirika yalikuwa yamefungwa au yamekodishwa, na mahindi ya uwanda wa juu wa Ufipa yalinunuliwa na yeyote aliyekuwa na mzani na lori. Tajiri mmoja alikuwa amekodi ghala la zamani pembeni ya mji. Alilipaka rangi upya, akang'oa bango la ushirika na kuligeuza benchi la walinzi. Alipenda sana kusema "enzi zile zimekwisha." Alisema hivyo akiona kitabu cha risiti cha zamani, akiona mtu kavaa suti ya Kaunda, akiona chochote kilichochelewa.

Kitu kimoja tu cha enzi zile alikibakiza, mama karani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande wa sikio moja. Alifanya kazi ushirika tangu usichana wake, ushirika ulipofilisika akarudi nyumbani mikono mitupu. Tajiri alimwita kwa sababu alivijua vijiji vyote na wakulima walimwamini. Kazi yake ilikuwa kugawa namba.

Namba haikuwa jambo dogo. Mkulima alifika alfajiri na magunia yake, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli kutoka vijiji vya huku juu, wengine kwa malori yaliyopanda usiku kucha kutoka bondeni upande wa Mtowisa. Kila mmoja alichukua namba, na kwa namba hiyo aliitwa kwenye mzani. Malori ya tajiri yakijaa, mzani unafungwa, na asiyefikiwa analala nje na magunia yake. Mwezi wa kumi mawingu yanapoanza kukusanyika, kulala nje mara moja tu kunatosha. Mahindi yaliyolowa hayanunuliwi. Mtu alikuwa anakishika kile kikaratasi cha namba kama anavyoshika mkono wa mtoto sokoni.

Mama karani aliwahi kugawa namba peke yake, dirisha moja, daftari moja, na hakuna aliyekumbuka ugomvi. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na tajiri alitaka dirisha la pili, tena alitaka mambo ya kisasa. Mama akaachiwa dirisha la uwanjani, la mikokoteni na baiskeli. Kwenye dirisha la barabarani, la malori, akakaa shemeji wa tajiri, mtu mzima mpole aliyekuwa akipenda kusinzia. Mimi nikaitwa kutengeneza programu.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yenyewe, maana aibu yangu imo humo humo. Kompyuta moja ilikaa ofisi ya nyuma ikitunza namba ya mwisho iliyotolewa. Nyingine mbili zilikaa madirishani, zimeungwa na ya nyuma kwa waya. Karani akibonyeza, ile ya nyuma inasoma namba ya mwisho, inaongeza moja, inaiandika, kisha inaituma dirishani ichapwe. Ilikuwa mashine ya mtumba, nzito kufikiri. Kusoma na kuandika tu kuliichukua karibu sekunde nzima. Hatari yake unaiona. Madirisha yote mawili yakibonyeza pamoja, yanaweza kusoma namba ile ile kabla lolote halijaandika mpya, na watu wawili wakaondoka na namba moja.

Kitabu changu kiliijua hatari hiyo. Katika Java, kila kazi inayokwenda sambamba na nyingine huitwa uzi, na ukitaka nyuzi zipeane zamu, unaweka neno moja mbele ya kazi yenyewe: synchronized. Uzi unaoingia unafunga kufuli nyuma yake, unaofuata unangoja nje mpaka wa kwanza utoke. Niliweka neno hilo. Nikajaribu nyuzi kumi kwa mpigo, hakuna namba iliyogongana. Nikafunga kitabu na kwenda kunywa chai.

Siku ya kuwafundisha makarani, mama alisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani.

"Sasa mwanangu," akauliza, "mimi na mwenzangu tukibonyeza pamoja, nani anatangulia?"

"Mashine inajua yenyewe, mama. Nimeweka kufuli."

"Kufuli liko kwangu au liko kwake?"

Nilicheka. Shemeji naye akacheka, ingawa nina hakika hakuelewa anachokichekea. Nikamwambia, "Mama, hili si kufuli la duka. Hili liko ndani ya programu." Akasema haya, akaivua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitenge. Swali lake lilikuwa ndilo swali lenyewe hasa, na mimi mwenye cheti nililijibu kwa kicheko.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Msimu ulikuwa bado mchanga, watu wachache, makarani hawakubonyeza pamoja mara nyingi. Tajiri alikuwa akileta wageni wake kuja kuangalia, wanasimama nyuma yangu kama watu wanaotazama chungu kinachochemka. Kisha msimu ukakomaa, foleni zikazunguka ghala, na asubuhi moja kwenye mzani wakasimama watu wawili wenye namba moja.

Mmoja alikuwa mfugaji kutoka bondeni, wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, mrefu, amejifunga shuka begani. Mwingine alikuwa mzee wa hapa hapa juu mwenye mkokoteni. Wote wawili walikuwa na mia na arobaini na mbili. Mpima mizani alivigeuza vikaratasi mbele na nyuma, akavinusa, akamwita tajiri. Siku ile wakapimwa wote. Wiki hiyo hiyo ikatokea tena. Wiki iliyofuata, mara mbili.

Maneno yalianza. Palikuwa na kitufe nilichokiweka cha kuchapa upya, kwa ajili ya karatasi ikikwama kwenye printa, na programu yangu haikutunza kumbukumbu ya nani kakibonyeza. Watu hawakuhitaji kusoma Java kupata jibu: karani anachapa namba ya mtu mara ya pili, anampa ndugu yake, au anaiuza. Na makarani walikuwa wawili tu. Mmoja shemeji wa tajiri, mwingine mtu wa ushirika. Unafikiri macho yalikwenda kwa nani? "Tabia za ushirika hizo," alisema tajiri, na kila mtu uwanjani alikuwa na kisa chake cha jinsi ushirika ulivyowahi kumla.

Mama alinifuata ofisi ya nyuma. Nilikuwa nakula karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiangalia hii kitu siku nne. Mimi nikibonyeza peke yangu, haina neno. Ila siku namba zikigongana, printa yangu na ya mwenzangu zinalia pamoja. Zinaanza pamoja, zinaacha pamoja. Hebu tazama hapo."

Watu wa kompyuta huko mjini wanalipwa wakae miezi kutafuta kosa la namna hiyo. Yeye alikuwa amelitafuta kwa masikio akiwa anahudumia foleni, akalipata, akaniletea mkononi. Nami nikamwambia, "Mama, usiitafutie mashine sababu." Nilisema hivyo huku nikimenya karanga. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akarudi dirishani kwake.

Siku mbili baadaye ikagongana tena, na safari hii mmoja wa wale wawili alikuwa amelala nje siku tatu. Alikuwa mwanamke mjane mwenye magunia manane, na aliyemtangulia kwa namba ile ile alishapimwa na kuondoka, yeye akaambiwa angoje. Malori yakajaa. Jioni ile ikanyesha, mvua ya kwanza, si kubwa, lakini alikuwa na turubai lililotoboka. Asubuhi magunia yake matano yalikataliwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini mbele ya dirisha la uwanjani, akafungua gunia moja na kuanza kutandaza mahindi juani kwa viganja, na hilo ndilo lililowasha watu kuliko kelele yoyote.

Tajiri alitoka. Aliita watu wasogee. Akamwita mama karani atoke dirishani na mkoba wake, na mbele ya mikokoteni yote na wenye mikokoteni akamwambia aumwage. Mama aliumwaga juu ya benchi la walinzi. Palitoka rozari, leso, kipande cha sabuni kilichofungwa gazeti, hindi la kuchemsha lililoliwa nusu. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa ajili ya lile hindi. Hakuna kilichoonekana, lakini mtu akishamwagishwa mkoba hadharani, kutoonekana kitu hakumsaidii.

"Sijachapa upya hata siku moja," alisema. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, akanipata nilipokuwa nimesimama karibu na mlango. "Mtaalamu yupo. Mtaalamu, sema wewe. Mashine haiwezi kukosea?"

Watu wote walinigeukia. Nimewahi kujiambia kwamba nilimwogopa tajiri. Si kweli, au si kweli yote. Niliogopa kuonekana sijui. Kama angeniuliza faraghani labda ningesema ngoja nitazame. Lakini palikuwa na watu zaidi ya mia, na walinitazama kama mtu anayejua, na nilikipenda kitu hicho kupita nilivyompenda binadamu yeyote uwanjani pale.

"Mashine inatoa kila namba mara moja tu," nilisema. "Nimeiwekea kufuli."

Tajiri akamwambia asirudi tena, na mama akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Hindi aliliacha. Alipita kati ya mikokoteni akashika njia, na wakulima waliomjua miaka yote ile wakatazama pembeni. Hata shikamoo hakupewa.

Sasa nifike bafuni, ingawa ningependa kupaacha.

Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba yenye uwanja mkubwa. Mwaka ule mwenye nyumba aliugawa uwanja na kuuza nusu, kama wengi walivyofanya, na ukuta wa mpaka ukaangukia juu ya bafu. Kwa kuwa shimo la maji machafu lilikuwa moja na kuchimba jingine ni gharama, walikubaliana bafu libaki la wote. Aliyenunua akatoboa mlango upande wake. Hivyo tulikuwa na bafu moja la matofali, milango miwili ya bati, na hakuna komeo kokote. Sheria ilikuwa ile ya nyumba zote za kupanga: ukiingia kuoga, tundika nguo juu ya mlango. Anayekuja akiona kanga au taulo, anarudi na ndoo yake.

Asubuhi ya pili baada ya mama kufukuzwa, nilichukua ndoo yangu ya maji ya moto, nikatundika taulo mlangoni, nikaingia. Kule kwetu asubuhi ni baridi hata mwezi wa kumi, mtu anaoga kwa haraka na kwa kelele. Nilikuwa nimejaa sabuni usoni niliposikia mlango unafunguliwa nyuma yangu, na si mlango wangu. Nikageuka, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Mbele yangu alikuwa bibi kizee, mama mzazi wa jirani yetu mpya, na ndoo mkononi.

Kitu cha kwanza kilichonitoka ni "Shikamoo." Nilimpa shikamoo bibi wa watu nikiwa kama nilivyozaliwa.

"Marahaba," akajibu, maana watu wa zamani hawaachi salamu hata nyumba ikiungua. Kisha akageuza uso. "We kijana, huna adabu? Huwezi kutundika nguo?"

"Nimetundika, bibi! Taulo liko mlangoni!"

"Mlango upi? Mlango wangu hauna kitu."

Akaondoka akinung'unika. Nilibaki nimesimama na sabuni ikiniingia machoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaelewa ukurasa wa kitabu changu niliokuwa nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mlango wangu ulikuwa na taulo. Mlango wake haukuwa na kitu. Mimi nilifuata sheria na yeye alifuata sheria, na bado tukakutana ndani, kwa sababu bafu ni moja na milango ni miwili. Katika Java kufuli si la kazi, ni la kitu kinachofanya kazi hiyo. Kila kitu kina kufuli lake. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kila dirisha linapofunguliwa, programu iunde kitu kipya cha kutoa namba. Madirisha mawili, vitu viwili, makufuli mawili. Uzi wa mama ulifunga mlango wa mama, uzi wa shemeji ukafunga mlango wa shemeji, zote kwa adabu, kisha zikakutana ndani juu ya namba moja. Nilipojaribu zile nyuzi kumi, zote nilizipitisha kwenye kitu kimoja, mlango mmoja, ndiyo maana zilingojana. Neno nililoliandika lilikuwa sahihi. Niliamini kwamba kuliandika kunatosha.

Kufuli liko kwangu au liko kwake? Nililisikia swali lile lote, kwa sauti yake. Nilikaa juu ya ndoo, uchi, nikalia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeuanika kwa bibi wa jirani na kuuficha kwa yule aliyemdhulumu.

Nilifika ghalani kabla ya watu. Nilibadilisha mistari miwili tu: kitu cha kutoa namba kiundwe kimoja asubuhi, na madirisha yote mawili yapewe hicho hicho. Kazi hiyo haikunichukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikamwita shemeji, na karani mpya aliyewekwa dirisha la mama, nikawaambia wabonyeze pamoja, tena, tena, mara hamsini. Printa zililia kwa kupokezana. Hakuna namba iliyorudiwa.

Nikaenda ofisini kwa tajiri kumwambia. Naapa nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani: kosa ni langu, yule mama hana hatia, mrudishe. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, na kabla sijakaa akasema, "Mtaalamu, tutaona sasa kama namba zitagongana. Mimi nakwambia hazitagongana tena, na utajua nani alikuwa mwizi."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tutaona, mzee."

Namba hazikugongana tena. Siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mpaka msimu ukaisha, hata mara moja. Nilikuwa nimelitibu kosa langu kimya kimya siku mbili tu baada ya mama kuondoka, na kila asubuhi iliyopita salama ikawa shahidi dhidi yake. Wakulima walisema umeona? Sokoni wakasema lisemwalo lipo. Shemeji, ambaye nadhani hakuwa na ubaya, alisema hakutegemea kabisa, mama mwenye sala vile. Kama ningeiacha programu mbovu, angalau ingeendelea kukosea na watu wangeona si yeye. Niliitengeneza nikakaa kimya, na kwa kukaa kimya nikamaliza kazi ambayo tajiri aliianza. Sijui kama kuna jambo jingine katika maisha yangu nililolifanya kwa ustadi kuliko lile.

Tajiri alinisifia kwa wenzake. Kwa sifa hizo nilipata kazi Mbeya, na kwa kazi ya Mbeya nikapata nyingine, na hadi leo nakula kupitia mlango uliofunguliwa siku ile. Miaka ikapita. Nilijiambia kwamba mama atakuwa amepata kazi kwingine, kwamba watu husahau, kwamba pengine amekwisha fariki. Hilo la mwisho nililiwaza kwa nafuu. Ninaona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nilirudi Sumbawanga kwa arusi ya mdogo wangu. Tukiwa tumekaa na sahani zetu, watu wa meza yangu wakawa wanasimulia habari za Kaengesa, kijiji cha misheni nje ya mji, na mmoja akamtaja Mama Namba. Nikauliza ni nani huyo.

"Humjui? Yule mama aliyekuwa anauza namba za watu ghalani kwa tajiri. Watoto ndiyo wanamwita hivyo." Akanitazama vizuri, akatabasamu. "Si ni wewe uliyemkamata? Wewe na kompyuta yako?"

Meza nzima ikanigeukia kwa heshima. Nilisema nimeshiba.

Kesho yake nilikodi pikipiki hadi Kaengesa. Nyumba yake haikuwa mbali na misheni, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bustani ya kabichi pembeni. Alikuwa anapalilia. Alinyooka akaweka mkono juu ya macho, na nilipovua kofia akanitambua hapo hapo. Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliacha jembe, akainama kidogo na kupiga makofi yale mepesi ya Kifipa ya kumkaribisha mgeni wa heshima, yeye mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akaniambia karibu ndani. Alinimiminia maji ya kunawa. Alikuwa na ugali wa ulezi na mgebuka, samaki mkavu wa ziwani, akasema ni kidogo lakini tule. Nilikula. Kukataa chakula chake kungekuwa kumtukana mara ya pili, ila kila tonge nililisukuma kwa maji.

Tulipomaliza nikamwambia. Nilimwambia yote, nyuzi na kufuli na vitu viwili, hata bafu na yule bibi. Kwenye bafu alicheka, kicheko cha kweli, akafunika mdomo kwa kitenge. Nikamwambia kwamba nilijua siku ya pili tu. Hapo hakucheka. Nikamwomba msamaha, nikapiga magoti juu ya sakafu yake ya udongo.

Alitazama kabichi zake nje.

"Nyanyuka, mwanangu, utachafua suruali," alisema. "Nimekusamehe. Lakini umekuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Tangu siku ile nilijua sijamwibia mtu. Wasiojua ni wao."

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kana kwamba anasoma orodha. Alikuwa katibu wa jumuiya yao ya kanisani, akaombwa apumzike. Mwanawe wa kike alichumbiwa na familia ya katekista, posa ikarudishwa. Aliolewa baadaye mbali, na haji sana. Mume wake alimwambia anamwamini, lakini siku moja kabla ya kufa, akiwa na homa, alimuuliza: "Hebu niambie kweli, zile namba uliziuza?"

"Hilo nalikumbuka kuliko mkoba," alisema.

Kisha akauangalia mwanga mlangoni. "Leo jumuiya inakutana saa kumi, nyumba ya pili kutoka hapa. Wote watakuwepo. Njoo uwaambie haya haya uliyoniambia. Hata za nyuzi waambie. Hawataelewa, lakini watasikia kwamba si mimi, tena watasikia kwako."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nilimwambia kwamba pikipiki inanisubiri, kwamba alfajiri nina basi la Mbeya, kwamba nyumbani wageni wa arusi wananingoja niwaage. Yote yalikuwa kweli. Nikasema nitakuja tena nimejipanga, nitazungumza na watu vizuri, kwa utaratibu. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile ya mafunzo, mikono mapajani.

"Haya, mwanangu. Safari njema."

Hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinifungia maharage katika mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani, na njiani tulipishana na watoto wawili waliomwamkia vizuri, kisha walipotupita wakaanza kucheka. Nilisikia walichosema. Naye alisikia. Nilipanda pikipiki.

Sijarudi. Badala yake nimeyaandika haya, nikijiambia kwamba maandishi yanafika mbali kuliko mkutano wa jumuiya. Nimeyaandika bila jina la mtu hata mmoja, na nilipoanza nilidhani nafanya hivyo kwa kumstahi yeye. Lakini jina lake halihitaji kufichwa, kwao kila mtu analo mdomoni. Ningeandika jina langu juu ya kurasa hizi, mtu wa Kaengesa angeweza kuzipeleka kwenye jumuiya zikasomwa kwa sauti, na mambo yangekwisha. Nimeketi na kalamu siku nyingi nikijaribu. Sikuliandika.